Dinari ya Hungaria: Sarafu Ndogo ya Fedha na Ahadi ya Mfalme

Katika lugha ya Kiswahili neno "fedha" lina maana mbili. Maana ya kwanza ni madini meupe yang'aayo, ambayo wafua fedha wa Lamu na Unguja huyatumia kufanyia pete, bangili na vipini vya majambia. Maana ya pili ni mali ya kununulia na kuuzia vitu, ambayo siku hizi huwa ni karatasi, au hata hesabu tu iliyoandikwa katika vitabu vya benki. Maana hizo mbili hazikukutana katika neno moja kwa bahati tu. Zamani, katika nchi nyingi za dunia, mtu aliyelipwa fedha alipokea madini yenyewe mkononi, na thamani ya malipo yake ilikuwa ndani ya kile kipande alichopewa. Mtawala alitia chapa yake juu ya kipande, na chapa ile ilikuwa kama kusema: "Madini haya yamepimwa, pokea bila ya hofu."

Neno la mtawala lilipokuwa kweli, biashara ilikwenda vizuri. Lilipokuwa uongo, watu wa kwanza kuumia walikuwa mkulima na mtu wa mshahara. Jambo hilo laonekana wazi katika habari za sarafu moja ndogo ya Ulaya, nayo ni dinari ya fedha ya ufalme wa Hungaria.

JINA NA SURA YAKE

Jina dinari si geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Asili yake ni neno la Kilatini, denarius, lililokuwa jina la sarafu ya fedha ya Warumi wa kale. Waarabu walilichukua wakaliita hivyo sarafu yao ya dhahabu, na kwa mkono wao likafika pwani ya Afrika ya Mashariki. Watu wa Ulaya ya kati nao walilishika neno lile lile, na Wahungaria wakasema dénár. Basi sarafu ya Kihungaria na neno la Kiswahili ni ndugu wa mbali, ingawa hawakupata kuonana.

Na ichukuliwe kwa mfano dinari moja iliyopigwa mwaka 1541, zamani za Mfalme Ferdinand I. Upana wake ni kama milimita 15, haizidi ukucha wa kidole gumba. Uzito wake ni nusu ya gramu na zaidi kidogo. Ni nyembamba sana hata mtu aweza kuikunja kwa vidole, na ikianguka penye majani mwenyewe huenda asiione tena.

Upande mmoja pana ngao iliyogawanywa sehemu nne. Miongoni mwa alama zake ni mistari iliyolala, ambayo ni alama ya wafalme wa kwanza wa nchi ile, na msalaba wenye mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Juu ya ngao pana tarakimu za mwaka, na kuizunguka pana jina la mfalme kwa Kilatini, limekatwa katwa ili lienee katika nafasi ndogo. Upande wa pili ameketi Bikira Maria, amempakata Mtoto. Kulia na kushoto kwake zipo herufi mbili, K na B, na kando kando yameandikwa maneno PATRONA VNGARIE, maana yake "Mlinzi wa Hungaria".

Maneno hayo yana sababu yake. Mfalme wa kwanza Mkristo wa Hungaria alikuwa Stefano, ambaye Wahungaria humwita István, na alivikwa taji yapata mwaka 1000. Mwanawe Imre aliuawa katika mawindo mwaka 1031, na mfalme akabaki bila mrithi. Mapokeo ya Wahungaria husema kwamba Stefano, alipokaribia kufa mwaka 1038, aliuweka ufalme wake chini ya ulinzi wa Maria. Basi aliyeitazama dinari aliona pande zote mbili za mamlaka: upande mmoja mfalme wa duniani, na upande wa pili mlinzi wa mbinguni. Ilikuwa vigumu kwa mtu wa kawaida kufikiri kwamba kitu chenye alama hizo chaweza kumdanganya.

JINSI ILIVYOFANYWA

Herufi K na B ni jina la mji wa Körmöcbánya, ambao leo uko katika nchi ya Slovakia na huitwa Kremnica. Mji huo umo milimani, penye dhahabu na fedha. Mfalme Károly Róbert aliupa hati ya mji mwaka 1328, na tangu siku hizo pakawa na kiwanda cha kupigia sarafu. Miji mingine ya migodi ilikuwa karibu, hasa Selmecbánya, penye fedha, na Besztercebánya, penye shaba.

Shaba ya Besztercebánya ilikuwa na fedha kidogo ndani yake, na kuitoa fedha hiyo kulikuwa kazi ya maarifa. Mafundi waliyeyusha shaba pamoja na risasi. Kisha waliipasha moto tena kwa kiasi, risasi ikayeyuka na kutiririka kabla ya shaba, nayo ikaichukua fedha. Baada ya hapo risasi ile ilitiwa katika tanuri ya pili na kupigwa upepo wa mivukuto hata ikageuka kuwa takataka na kuondolewa, ikabaki fedha peke yake. Kazi hiyo ilihitaji kuni nyingi, maji ya kuzungusha mitambo, na mali ya kuanzia. Katika miaka ya 1494 na 1495 matajiri wawili, Jakob Fugger wa Augsburg na Jan Thurzó wa Kraków, walifanya shirika la kuichimba na kuiuza shaba hiyo, na shirika lao likawa mojawapo ya makubwa kabisa katika Ulaya ya siku zile.

Fedha ilipofika kiwandani ilichanganywa na shaba kwa kipimo kilichowekwa, ikamiminwa kuwa vipande virefu, ikafuliwa kwa nyundo hata ikawa nyembamba kama bati, kisha ikakatwa vipande vidogo. Mhuri wa chini ulikuwa umekazwa katika gogo. Mhuri wa juu fundi aliushika kwa mkono. Aliweka kipande katikati, akapiga nyundo, na dinari ikawa tayari.

Jambo moja lafaa kuangaliwa. Dinari hazikupimwa moja moja. Wasimamizi walipima lundo zima, wakahesabu kwamba katika uzito fulani wa madini zimetoka dinari kadha wa kadha. Kwa hiyo moja iliweza kuwa nzito kidogo na mwenziwe kuwa nyepesi. Wenye macho makali walichagua zile nzito wakaziyeyusha, na nyepesi wakazipitisha sokoni. Hata sarafu njema, basi, ilikuwa na adui zake.

MASIKITIKO YA WAKULIMA, MWAKA 1437

Kabla ya kuzieleza siku njema za dinari, yafaa kukumbuka ubaya uliotangulia. Mfalme Sigismund, aliyetawala Hungaria tangu 1387 hata 1437, alikuwa na vita vingi na deni nyingi. Mwishoni mwa utawala wake palitolewa sarafu ndogo zenye fedha haba sana. Siri ya jambo hilo yaeleweka na kila mfugaji. Mtu mwenye debe la maziwa akiongeza debe la maji atakuwa na madebe mawili ya kuuza. Lakini mtoto anywaye maziwa yale hatashiba mara mbili.

Katika jimbo la Transilvania askofu aliyeitwa György Lépes aliona kwamba sarafu zile hazifai. Hakupokea zaka kwa miaka kadha, akangoja. Sarafu njema zilipotolewa, akadai zaka zote za miaka iliyopita kwa mara moja, tena kwa sarafu mpya. Wakulima walikuwa wameuza mavuno yao kwa sarafu mbaya. Sasa walitakiwa kulipa kwa sarafu nzuri. Deni lilikuwa limekua bila wao kukopa kitu. Mwaka 1437 waliinuka kwa silaha, wakiongozwa na Antal Nagy wa Buda, na mapigano yakaenea katika jimbo. Mambo mengine pia yaliwaudhi, lakini zaka hiyo ilikuwa moja ya sababu kubwa. Mwisho wakashindwa.

MFALME MATTHIAS NA DINARI NJEMA

Mfalme Matthias, wa ukoo wa Hunyadi, alitawala tangu 1458 hata 1490. Katika miaka ya 1467 na 1468 alipanga upya kodi na sarafu kwa pamoja, maana aliona kwamba mambo hayo mawili hayatengani. Dinari yake ilikuwa nusu fedha na nusu shaba: mafundi waligawa madini katika sehemu 16, na katika hizo 8 zilikuwa fedha safi. Tena alitangaza kwamba dinari 100 ni sawa na florini moja ya dhahabu. Ndiye aliyeiweka picha ya Maria na Mtoto kuwa alama ya kudumu ya dinari.

Mpango huo haukupendwa na wote. Matthias alibadili majina ya kodi za zamani ili wale waliokuwa wamesamehewa wasipate tena kujitetea kwa hati zao. Mwaka ule ule wa 1467 watu wa Transilvania waliasi, naye akaenda kuwatuliza kwa jeshi. Kodi zake zilikuwa nzito. Lakini hesabu ilikuwa wazi: mkulima aliyeuza ng'ombe kwa dinari mwaka huu alijua kwamba dinari hizo zitakuwa na fedha ile ile mwaka ujao. Kwa muda wa nusu karne hivi, dinari 100 zilibaki kuwa florini moja.

Sheria nayo ililinda sarafu kwa ukali. István Werbőczy, mwanasheria mkubwa wa Hungaria, alipokusanya desturi na sheria za nchi katika kitabu kilichokamilika mwaka 1514, alikuta kwamba kughushi sarafu kumehesabiwa pamoja na uhaini. Mwenye kupiga sarafu ya uongo alipoteza uhai na mali. Sheria hiyo, hata hivyo, ilikuwa na pengo moja. Haikusema ni nini kitakachofanywa ikiwa mwenye kuiharibu sarafu ni mfalme mwenyewe.

FEDHA MPYA YA MWAKA 1521

Mwaka 1521 Sultani Suleiman wa Waturuki aliiteka ngome ya Belgrade, iliyokuwa mlango wa kusini wa Hungaria. Mfalme Lajos II alikuwa kijana wa miaka 15. Hazina ilikuwa tupu, askari wa mipakani walikuwa hawajalipwa, na wakuu wa nchi hawakupatana. Ndipo mshauri wa hila alipoonekana kuwa na hekima: kukatolewa sarafu iliyoitwa "fedha mpya".

Sura yake ilikuwa ya desturi. Ngao ilikuwapo, Maria na Mtoto walikuwapo, na maneno PATRONA VNGARIE yalikuwapo. Lakini fedha iliyokuwa ndani haikuwa tena sehemu 8 katika 16, bali sehemu 4. Kutoka katika fedha ya dinari moja ya Matthias sasa zilitoka dinari mbili, na serikali ikataka kila moja ipokewe kwa thamani ya ile ya zamani.

Watu hawakuchelewa kugundua. Sarafu mpya ilikuwa na wekundu wa shaba ikitumika kidogo. Kila aliyekuwa na dinari ya zamani aliificha nyumbani, na kila aliyekuwa na deni alililipa kwa sarafu mpya. Sarafu njema ikatoweka sokoni, mbaya ikajaa. Bei zikapanda. Katika nchi jirani ya Polandi, katika miaka hiyo hiyo ya 1520, mtaalamu wa nyota Nicolaus Copernicus alikuwa akiandika juu ya ugonjwa huo huo katika sarafu za Prussia, akieleza kwamba sarafu mbaya huifukuza iliyo njema, na kwamba nchi huharibika kwa njia hiyo pole pole bila ya watu kusikia kelele.

Waliobanwa kupita wote ni wachimba migodi. Watu hao walishuka chini ya ardhi kwa taa ya mafuta, wakachimba shaba na fedha ya nchi, kisha mwisho wa juma wakalipwa kwa sarafu yenye fedha haba. Hawakuwa na mashamba makubwa ya kuwalisha. Mkate na nyama walinunua sokoni. Bei zilipopanda, mshahara ulibaki na hesabu ile ile. Mwaka 1525 serikali iliona kosa, ikaamua kurudi kwenye sarafu ya zamani. Lakini fedha mpya zilizokuwa tayari mikononi mwa watu zikatangazwa kuwa nusu ya thamani yake. Basi mchimba mgodi aliyejiwekea akiba aliamka asubuhi akakuta nusu yake haipo, ingawa hakuna mwizi aliyeingia nyumbani.

Wachimbaji wa Besztercebánya na miji ya jirani wakaacha kazi na kuchukua silaha. Lawama nyingi ziliwaangukia Fugger na mawakala wake, na mwaka huo huo wa 1525 serikali ikakamata mali zao nchini. Machafuko yakaendelea mwaka 1526. Aliyetumwa kuyamaliza ni Werbőczy, yule yule aliyeandika kwamba kughushi sarafu ni uhaini. Baadhi ya viongozi wa wachimbaji walihukumiwa kufa. Hakuna aliyehukumiwa kwa kuipunguza fedha.

Miezi michache baadaye Sultani Suleiman alirudi. Tarehe 29 Agosti 1526, katika uwanda wa Mohács, jeshi la Hungaria lilivunjwa kwa muda wa saa chache. Mfalme Lajos, akiwa na miaka 20, alikufa maji katika kijito alipokuwa akikimbia. Si haki kusema kwamba sarafu mbaya ndiyo iliyoshindwa Mohács, maana jeshi la Sultani lilikuwa kubwa zaidi na lenye mizinga mingi. Lakini ni kweli kwamba ufalme uliokwenda vitani ulikuwa umekwisha kupoteza imani ya watu wake, na wachimbaji waliochimba mali yake walikuwa wametoka kuuasi.

UFALME MMOJA, WATAWALA WATATU

Baada ya Mohács watu wawili walivikwa taji moja: János Zápolya, aliyechaguliwa na wengi wa waungwana wa nchi, na Ferdinand wa ukoo wa Habsburg, ndugu wa Kaisari Karl V. Walipigana kwa miaka. Kisha tarehe 29 Agosti 1541, siku ile ile ya Mohács baada ya miaka 15, Waturuki waliingia Buda, mji mkuu. Nchi ikagawanyika sehemu tatu. Upande wa magharibi na kaskazini ulibaki kwa Ferdinand, na serikali ikakaa Pozsony, ambao leo huitwa Bratislava. Katikati palitawaliwa na Sultani. Mashariki, Transilvania ikawa na watawala wake chini ya kivuli cha Waturuki.

Mji wa Kremnica ulikuwa upande wa Ferdinand. Hapo dinari ya mwaka 1541 ilipigwa, na wala haikuonyesha dalili ya msiba. Iliandikwa "mfalme wa Hungaria" kana kwamba Hungaria ni nzima. Lakini Ferdinand alijifunza jambo moja katika makosa ya waliomtangulia: alirudi kwenye kipimo cha zamani, nusu fedha na nusu shaba. Matokeo yake ni ya ajabu. Mpaka wa serikali ulikata nchi, lakini dinari iliuvuka. Watu waliokaa chini ya Sultani waliendelea kuuziana kwa sarafu ya mfalme aliyekuwa adui wa Sultani, na watoza kodi wa Kituruki wenyewe waliipokea. Waliihesabu kwa akche, sarafu yao ndogo ya fedha, wakiweka akche 50 kuwa sawa na florini moja. Nyumba ya Mkristo yenye mali ya akche 300 ilitakiwa kulipa kodi ya kichwa kwa Sultani, nayo ilikuwa florini moja kwa mwaka.

Hapo ndipo twaona taabu ya mkulima wa mpakani. Bwana wake wa zamani, aliyekimbilia upande wa Ferdinand, bado alidai haki zake. Watoza kodi wa mfalme walivuka kwa siri au kwa silaha wakadai kodi ya mfalme. Na Waturuki, waliokuwa wenye nguvu pale, walidai yao. Nyumba moja, ng'ombe wale wale, kodi mara mbili. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Tena hata Ferdinand mwenyewe alikuwa mlipaji: kwa mapatano ya mwaka 1547 alikubali kumpelekea Sultani vipande 30,000 vya dhahabu kila mwaka ili apate amani.

Kwa sababu ya vita hivyo dinari nyingi zilizikwa. Mtu aliposikia kwamba askari wanakuja, hakujali ni askari wa nani, alitia akiba yake katika chungu na kuifukia chini ya sakafu au penye mti aliouweka alama. Akiba haiozi, lakini mwenye akiba aliweza kuuawa au kuchukuliwa mateka. Ndiyo sababu vyungu vya dinari bado hupatikana ardhini katika nchi zile, mara nyingi kwa jembe la mkulima. Kila chungu kilichopatikana ni habari ya mtu ambaye hakurudi.

MWISHO WA DINARI

Somo la 1521 halikudumu milele. Vita vya Miaka 30 vilipoanza mwaka 1618, watawala wengi wa Ujerumani walipunguza fedha katika sarafu zao, na Gábor Bethlen, mkuu wa Transilvania aliyeingia Kremnica mwaka 1619, akafanya vivyo hivyo ili alipe jeshi. Bei zikapanda tena, na kabla ya miaka mingi kupita ikabidi kurudi kwenye sarafu ya haki. Hata Ferenc Rákóczi II, aliyeongoza vita vya kupigania uhuru wa Hungaria tangu 1703 hata 1711, alikosa fedha akapiga sarafu za shaba zilizoandikwa PRO LIBERTATE, yaani "kwa ajili ya uhuru". Maneno yalikuwa mazuri na wengi waliyaamini. Lakini mwenye kuuza nafaka alitazama shaba, si maandishi, na thamani ya sarafu zile ikaanguka.

Katika karne ya 18 dinari ilipoteza nafasi yake kwa sarafu nyingine za dola ya Habsburg. Moja katika hizo iliwahi kufika mpaka pwani ya Afrika. Maria Theresa alivikwa taji la Hungaria mjini Pozsony tarehe 25 Juni 1741, na katika reale yake kubwa ya fedha, yenye uzito wa gramu 28, sawa na dinari za zamani kama 50, yamo maneno ya kumtaja kuwa malkia wa Hungaria na Bohemia. Wafanya biashara wa Arabuni, Uhabeshi na Unguja waliipenda sana, na Waswahili wakaiita reale ya Sham. Maria Theresa alikufa mwaka 1780. Lakini sarafu iliendelea kupigwa kwa karne mbili zaidi ikiwa na picha ile ile, mwaka ule ule wa 1780, na kiasi kile kile cha fedha. Mchuuzi wa Unguja hakumjua malkia wala nchi yake. Alijua tu kwamba sarafu hii haijamdanganya baba yake, na kwa hiyo aliipokea.

Kiwanda cha Kremnica hakijafungwa. Slovakia ilipoanza kutumia euro mwaka 2009, sarafu zake zilipigwa hapo, katika mji ule uliopewa hati mwaka 1328. Na katika sarafu za euro 1 na euro 2 za nchi hiyo umechorwa msalaba wenye mikono miwili, ule ule uliokuwa katika ngao ya dinari ya Ferdinand. Ndani ya sarafu hizo hamna fedha kabisa. Watu huzipokea kwa sababu wanaiamini serikali iliyozitoa, na benki inayozisimamia.

Kwa hiyo sarafu za leo zinategemea ahadi zaidi kuliko zile za kale. Dinari ya Matthias, hata mfalme angekufa na ufalme kuvunjika, ilibaki na nusu yake ya fedha, na mfua fedha angeweza kuifanya pete. Noti ya karatasi haina kitu cha kuyeyushwa. Ahadi ni deni, na katika mambo ya sarafu deni hilo hudaiwa kila siku ya soko, na kila mtu anayenyosha mkono kupokea mshahara wake.